Kengele Inayofuata Maji

Ndugu Timotheo, Afisa Elimu wa Wilaya yetu na mgeni rasmi wa leo, Mheshimiwa Diwani Ibrahimu, Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Mtendaji wa Kijiji cha Mwambamkuu, Maalim Uweso, mkuu wa chuo chetu cha Qur'ani na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mwalimu Castory, Mwalimu Mkuu mpya wa shule hii, aliyekuja kupokea kiti changu, ambaye tangu asubuhi shati lake limelowa jasho, likakauka, likalowa tena, walimu wenzangu, wanafunzi wangu mliokaa mchangani kwa sababu viti wamekalia wazazi wenu, na ninyi akina mama mliojipanga nyuma kabisa mkidhani sitawaona, mliooga haraka haraka na bado mna chumvi masikioni: nyote nimewataja kwa heshima zenu, na kama yupo niliyemruka, anisamehe, ni macho tu ya mwalimu mstaafu.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, shikamooni. Marahaba, wanafunzi, kaeni.

Mshereheshaji amenipa dakika chache. Kijana yule nilimfundisha darasa la tatu, na kila nilipomwambia apunguze maneno hakupunguza. Leo kapata nafasi ya kulipiza. Namwomba avumilie. Nimefundisha hapa tangu nilipokuwa msichana mwembamba wa kupeperushwa na upepo, na sasa mnaniona nilivyo, kwa hiyo mtu wa namna hii hawezi kuagwa kwa dakika chache.

Zawadi zenu nimezipokea. Godoro nimeliona, vitenge nimevipapasa, mbuzi nimemsikia. Nimepokea pia saa ya ukutani yenye picha yangu katikati, ambayo mishale yake itakuwa inapita juu ya pua yangu kutwa kucha. Nitaitundika sebuleni ili wageni wangu wapate cha kuchekea. Kuhusu kikokotoo cha pensheni sitasema neno, maana leo ni siku ya furaha na mgeni rasmi amekula maandazi vizuri.

Sasa, kabla sijaaga, naomba turudi kidogo asubuhi ya leo. Wengi wenu hamkuwapo. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza.

Kadi za mwaliko, ambazo Mwalimu Castory alizichapisha mjini kwa mapenzi makubwa, na zikatoka na maua pembeni, zilisema shughuli inaanza saa nne asubuhi. Saa nne, gari la Ndugu Timotheo likaingia. Alivyo mtu wa kuheshimu wakati, hakuchelewa. Akateremka akiwa amevaa suti, viatu vinang'aa, akakuta nini? Turubai limefungwa vizuri. Viti vimepangwa vizuri. Muziki unapigwa mpaka spika zinatetemeka. Na watu? Alikuwapo Maalim Uweso, nilikuwapo mimi, alikuwapo Mwalimu Castory, walikuwapo walimu wenzetu wakitazamana, na mbuzi ambaye wakati ule hatukujua kama ni mgeni au ni zawadi. Hata kwaya haikuwapo. Hata wapishi walibaki nusu. Wali ulikuwa jikoni peke yake.

Ndugu Timotheo akauliza kwa sauti ya upole, ile sauti ya wakubwa ambayo inatisha kuliko kelele: "Mwalimu Mkuu, wananchi wako wapi?"

Mwalimu Castory akamwangalia Maalim. Maalim, ambaye ni mtu wa maneno machache, akanyoosha mkono kuelekea baharini na kusema, "Wako kule."

Na kweli walikuwa kule. Leo ni bamvua, ndugu zangu, siku bahari inapotoka mbali kabisa. Asubuhi maji yalitoka mpaka mwamba wote ukakauka, na kijiji kizima kilikuwa juu ya mwamba kimeinama: akina mama na vyuma vyao vya kutolea pweza, wasichana na ndoo, watoto wadogo wakiokota kome. Kwaya ya kuniimbia mimi ilikuwa imeinama kule pamoja nao.

Ndugu Afisa Elimu, nataka nikusifu mbele ya watu. Ulitembea na viatu vyako vile mpaka mwisho wa mchanga mkavu, ukasimama, ukatazama kwa muda mrefu. Nilidhani utapanda gari. Nilidhani kesho tutaitwa wilayani, Mwalimu Castory na mimi, na mimi nitaingia ofisini nikiwa mstaafu wa siku moja tayari nina kesi. Hukupanda gari. Hukumpigia mtu simu. Ulirudi, ukavua koti, ukasema, "Basi tunywe chai." Ukakaa ofisini pangu, ukasubiri maji yajae. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeona wakubwa wengi wakisubiriwa, lakini mkubwa aliyekaa akaisubiri bahari ya Mwambamkuu nimemwona leo.

Na sasa hivi ni saa nane na ushei, na hapa pamejaa hadi watu wanasimama juani. Mabibi na mabwana, kijiji kilichokosekana asubuhi ndicho hiki kilichojaa sasa. Hawajabadilika watu, hawajabadilika tabia, hawakutishwa na mgambo. Kilichobadilika ni maji tu.

Wengi hapa mnajua ninapoelekea. Lakini mgeni wetu ana miezi michache tu wilayani, na Mwalimu Castory ana wiki chache tu hapa, kwa hiyo naomba nieleze tangu mwanzo, kama tunavyofanya darasani mwanafunzi mpya akiingia katikati ya muhula.

Mimi si mtoto wa bahari. Mimi Praxeda ni mtoto wa kambini. Baba yangu, mzee Ernesti, alitoka kusini, Mbinga, akaja kukata mkonge huku Tanga, na mimi nikazaliwa katika nyumba za kambi, zile za mstari, ukipika maharage kwako jirani wa tatu anajua kama yameungua. Kambini tuliishi kwa king'ora cha kiwanda. King'ora kikilia gizani, baba anaamka. Kikilia mchana, baba anakula. Kikilia jioni, tunajua baba yuko njiani na mikono imechomwa na miiba. Nilikua nikiamini kwamba dunia nzima ina king'ora mahali fulani, na kwamba mtu mwenye adabu ni yule anayekitii.

Nikasoma, nikaingia chuo cha ualimu, nikapangiwa Mwambamkuu. Mama alilia. Alisema, "Unakwenda kwa wavuvi, watakulisha pweza." Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuja kunitembelea baadaye, akala pweza wa nazi wa hapa, na tangu siku hiyo kila barua yake ilikuwa inamuulizia pweza kabla haijaniulizia mimi.

Nilikuta shule ya vyumba vichache na paa la makuti. Nilikuta rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe, na kipande cha nondo cha kuigongea, ile ile mnayoiona pale. Nikasema moyoni: vizuri, king'ora kipo. Nikaigonga asubuhi kama nilivyofundishwa. Wiki ya kwanza watoto wakaja, darasa likajaa, nikajiona mwalimu hodari. Wiki ya pili nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi, wakaja wachache tu, na wale waliokuja walikuwa watoto wa walimu na wa muuza duka.

Alikuwapo msichana mmoja anaitwa Sabra. Msinigeukie kumtafuta, nitamtaja alipo. Sabra alikuwa na akili nyepesi, ya kushika kitu mara moja, lakini elimu yake ilikuwa na matundu. Alijua kuzidisha vizuri kuliko darasa zima, ila kugawanya hakujua kabisa. Alijua mito ya Tanzania yote, maziwa hajui hata moja. Alisoma hadithi kwenye kitabu mpaka katikati, ukimuuliza mwisho wake anakutazama tu. Nilisumbuka sana na mtoto yule. Mpaka siku moja ndipo nikaelewa: kuzidisha nilifundisha wakati wa maji mafu, bahari haitoki sana, watoto wapo. Kugawanya nilifundisha wakati wa bamvua. Mito ilikuwa maji mafu. Maziwa yalikuwa bamvua. Mtoto alikuwa amesoma kila kitu alichofundishwa akiwepo.

Nikaenda kwa mama yake, Bi Khadija, ambaye yuko pale na kanga ya njano, na nikamwomba amwache mtoto aje shule kila siku. Bi Khadija aliniandalia chai, akanijibu kwa adabu yote: "Mwalimu, mie sikukunyima mtoto. Zile siku za bamvua ndizo tunazokula, na mie mikono yangu miwili na mdogo wake mgongoni. Zile siku zingine mchukue, mie hata kumwona simtaki."

Alikuwa peke yake, mume kaenda Pemba na habari zake zikaishia huko. Ningemwambia mtoto akisoma leo utakula baada ya miaka kumi?

Najua, Ndugu Afisa Elimu, liko swali unalitafuna tangu asubuhi. Unajiuliza: kwa nini watoto wasikatazwe tu? Tulikataza. Msidhani hatukukataza! Sheria ndogo ya kijiji ilitungwa. Mgambo walitumwa ufukweni. Watoto wakajificha kwenye mikoko hadi mgambo waondoke, na matokeo yake wakakosa shule na wakakosa pweza kwa pamoja, wakarudi nyumbani na matope tu. Akina mama wakawa hawanisalimii. Muuza duka peke yake ndiye aliyeniunga mkono, na yeye alikuwa na sababu zake, maana watu wakikosa kitoweo wanakopa dukani.

Sisemi mahali pa mtoto ni mwambani. Nisikike vizuri, maana kuna watu watanitafsiri vibaya kabla sijafika nyumbani. Mahali pa mtoto ni darasani. Nilikuwa natafuta namna ya kumpata darasani, na namna niliyokuwa naitumia ilikuwa haimpati.

Ndipo tukakaa. Alikuwapo Mwalimu Mkuu wa wakati huo, marehemu, kilikuwapo kikao cha wazazi, na hoja ikawa hii: maji yanatoka kuanzia saa tatu, yanarudi mchana. Kwa nini siku za bamvua madarasa ya juu yasiingie alfajiri, mara tu baada ya sala, wakasoma mpaka maji yanapoanza kutoka, wakaenda na mama zao, wakarudi, wakala, wakaingia tena mchana mpaka alasiri? Vipindi ni vile vile, hakuna kinachopungua, ila vinaupisha mwamba katikati.

Kila mtu akafurahi. Isipokuwa mmoja. Maalim Uweso akasimama akasema mchana ule ni wa chuo. Watoto wanakuja kwake kusoma Qur'ani mchana, na mwalimu huyu Mkristo wa kambini anataka kumchukulia watoto wake.

Maalim, unacheka sasa, siku ile hukucheka.

Tulibishana siku nyingi, mimi na Maalim, tukibishania ukutani kwa kuwa tuna ukuta mmoja, mimi naosha vyombo upande huu, yeye anachukua udhu upande ule. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa mkali hivyo bila kupandisha sauti. Mwishowe ni yeye aliyenigongea mlango, mkononi na sahani ya kaimati, akasema: "Mwalimu, siku za bamvua wewe wachukue mchana, mimi nitawachukua baada ya magharibi. Maji mafu, mchana ni wangu, usiniguse." Tukapeana mikono. Tangu siku hiyo hatujavunja mkataba ule, na haukuandikwa popote. Kila mwandamo wa mwezi Maalim huniambia ukutani bamvua inaanza lini, na mimi nagonga rimu kufuatana na neno lake. Wageni wakisikia kwamba ratiba ya shule ya serikali inatoka kwa maalim wa madrasa kupitia ukuta wa jiko la mwalimu Mkatoliki, wanadhani natania.

Na ile ratiba ikafanya kazi. Naogopa kujisifu, lakini leo mkinizuia kujisifu mtanizuia lini tena? Ilikuwapo miaka tulipowaita mbele wasichana waliochaguliwa kwenda sekondari wakatoka wawili, wakashikana mikono kwa woga. Mwaka jana tulipowaita, ilibidi darasa la pili wasogee kuwapisha. Sabra, simama mwanangu. Huyu ndiye Sabra, mabibi na mabwana. Leo ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, kule Pangani, na nasikia wanafunzi wake wanamlalamikia kwamba sura ya kugawanya anaifundisha mpaka wanasinzia. Kaa, mwanangu, umewalipia wenzako.

Sasa nigeukie kazi hii ya ualimu kidogo, kisha nifunge.

Nimeona mitaala ikija na ikienda. Nimefundisha Sayansikimu, ikaondoka. Nimefundisha Stadi za Kazi, ikaondoka, ikarudi na jina jingine kama mtu aliyehama mtaa kukwepa madeni. Nimehudhuria semina ambazo nilitoka na kalamu mpya na mkoba mpya, na somo lenyewe silikumbuki. Nimefundisha watoto wengi hadi wengine wananisikiliza wakiwa dirishani. Nimesubiri kupandishwa daraja mpaka nikasahau kwamba nasubiri. Yote haya walimu mnayajua, siwaambii jipya.

Lakini sitaki mseme Mwalimu Praxeda aliondoka akilalamika, kwa sababu sioni sababu ya kulalamika peke yake. Paa la makuti sasa ni bati. Ada ya kumzuia mtoto mlangoni hakuna. Msichana aliyejifungua leo anarudi darasani na hakuna anayemfukuza. Sisi tuliokuwa walimu zamani, tuliowaona wakiondoka na hawarudi, tunajua ukubwa wa jambo hilo. Sasa tunaambiwa elimu ya lazima itakuwa miaka kumi, na watoto watajifunza amali, kazi za mikono na za mazingira yao. Naipenda sera hii. Naipenda kwa moyo wangu wote na nawaombea wanaoitekeleza. Na katika kila semina, hata zile za mkoba, tumeambiwa jambo hili hili: mfundishe mtoto kutokana na mazingira yake. Basi Ndugu Afisa Elimu, mazingira yetu sisi yanaondoka na kurudi mara mbili kwa siku. Tufanyeje?

Maana siku hizi tuna vishikwambi. Mahudhurio yanaingizwa asubuhi kabla ya saa iliyowekwa, yanakwenda moja kwa moja, na huko yanakokwenda kuna mashine ambayo haijawahi kuona bahari. Mashine inataka kila darasa kwa saa zile zile, nchi nzima. Siku za bamvua darasa la kwanza na la pili wanaonekana, maana wao hatuwabadilishii. Madarasa ya juu, walioingia alfajiri wakasoma wakatoka, na walio njiani kurudi mchana, mashine inawasoma watoro. Shule yetu imewekewa alama ya utoro. Walimu wangu wameambiwa wajieleze. Na muhula uliopita yalikuja maelekezo kwamba ratiba ya maji ikome, shule hii ifuate saa kama shule nyingine.

Siwalaumu waliotoa maelekezo. Walitazama kishikwambi, na kishikwambi kilisema hivyo. Muhula huu mzima niliendelea kugonga rimu kwa maji, nikasema kama kuna kosa liwe langu, ninastaafu, watanifanya nini? Lakini leo nimestaafu. Kuanzia kesho mimi ni mama mwenye godoro jipya na mbuzi. Kosa la kesho litakuwa la mtu mwingine, kijana, mwenye mke na mtoto mchanga, ambaye kazi bado ana miaka mingi ya kuifanya. Hilo ndilo limeninyima raha wiki hizi zote. Zawadi zenu nimezipokea kwa furaha, lakini kila nikitazama rimu ile roho inaniuma.

Ndipo tufike kwa Mwalimu Castory.

Mwalimu Castory ametoka Biharamulo, mbali na chumvi. Wiki yake ya kwanza hapa aliona ufuko ulivyo mpana na mgumu asubuhi moja ya bamvua, akafurahi, akasema shule yenye uwanja kama huu haijapata kutokea. Akawachukua darasa la pili, wakapanga magoli kwa mawe, wakapima na kona, akachora mstari wa kati kwa fimbo, mstari ulionyooka kweli. Watoto walijua. Hawakumwambia, mashetani hawa, walikuwa wanataka kuona. Akarudi mchana na filimbi shingoni kuchezesha mechi, akasimama pale kwenye minazi, akageuka kwangu na uso wa mtu aliyeibiwa, akaniuliza, "Mwalimu, uwanja umekwenda wapi?"

Cheka, Mwalimu, ni halali yako. Wote tumecheka. Lakini nilichokipenda ni kilichofuata. Hakukasirika. Jioni ile nilimsikia ukutani, upande wa Maalim, akiuliza: yanatoka lini, yanarudi lini, mwezi unahusika vipi, kwa nini jana na leo hazilingani. Amerudi kila jioni tangu hapo. Na mimi naosha vyombo polepole ili nisikie.

Mtu anayeuliza hivyo, mbona aliandika saa nne kwenye kadi? Kwa sababu kadi zilichapishwa wiki ile ya uwanja, kabla hajaanza kuuliza. Alinionyesha moja, ina maua, akaniuliza kama kuna makosa. Nikaisoma. Nikaiona siku, nikaiona saa, nikahesabu mwezi kichwani. Nikamwambia, "Jina langu limeandikwa vizuri."

Ndiyo, mabibi na mabwana. Nilijua. Mwalimu Castory, usinitazame hivyo. Na wewe Ndugu Timotheo, chai ile ya asubuhi ilikuwa ya mtego, ingawa maandazi yalikuwa ya heshima. Ningeweza kukueleza habari ya bamvua ofisini kwako mwaka mzima, na wewe ungenisikiliza kwa adabu, kisha ungenionyesha kishikwambi. Nilitaka ukione kijiji hiki saa nne, halafu ukione saa nane, kwa macho yako, ukiwa umekaa. Kama ni kukosa nidhamu, hii ndiyo ya mwisho katika utumishi wangu, na naomba iwekwe kwenye faili kwa mwandiko mzuri.

Sikuombi ubadilishe nchi. Naomba jambo moja, shule moja: mahudhurio ya madarasa ya juu ya Mwambamkuu, siku za bamvua, yahesabiwe alfajiri na mchana, watoto wanapokuwa madarasani. Basi. Najua hotuba yako inafuata baada ya yangu na siwezi kukulazimisha ujibu sasa.

Lakini Mwalimu Castory naweza kumuuliza, maana yeye bado namzidi umri. Mwalimu, simama. Kesho bado ni bamvua. Kesho rimu ile ni yako. Niambie mbele ya wazazi hawa na mbele ya watoto hawa, kesho utaigonga saa ngapi?

Usimtazame Afisa Elimu. Nitazame mimi.

Mmemsikia? Waliokaa nyuma, mmemsikia? Anasema: "Kesho maji yatachelewa kidogo kuliko leo, kwa hiyo wakubwa wataingia baada ya sala ya alfajiri kama leo, nitawaachia dakika chache zaidi kabla ya kutoka, na mchana nitawasubiri mpaka wa mwisho arudi." Hajaniuliza mimi hesabu hiyo. Kaifanya mwenyewe. Mtu wa Biharamulo!

Pigeni vigelegele, akina mama, hata mimi nataka kupiga ila mshereheshaji atanikatia kipaza sauti.

Nondo hii hapa, Mwalimu. Ina kutu mwisho wake, shika hapa katikati, ndipo haiumizi mkono. Baba yangu aliamshwa na king'ora maisha yake yote, na mimi nimeamka kabla ya rimu ile maisha yangu yote ili niigonge. Kesho alfajiri nitakuwa kwenye godoro langu jipya, macho wazi, nisikilize. Isipolia nitajua. Ikilia nitageuka upande wa pili nilale, na hilo ndilo nililokuwa nalisubiri.

Ndugu Afisa Elimu, wakati Mwalimu Castory anajibu nilikuona unatikisa kichwa. Sasa mimi sijui kama ulikuwa unakubali au ulikuwa unafukuza nzi, maana harufu ya pweza leo ni kali.

Anasema si nzi.

Wazazi, mmesikia wenyewe: si nzi! Basi mimi sina la kuongeza. Mmenilea nikiwa msichana, mmenipa watoto wenu, mmenivumilia na leo mmenisikiliza mpaka wali umepoa. Nawashukuru nyote kwa pamoja, Mungu awabariki, na kesho tusikilizie alfajiri.